Nimerithi kolestro ya baba, nimwambie mchumba au ninyamaze?

BARUA

Shikamoo mama mshauri, pole na majukumu. Naomba jina langu usiliweke, niite tu Binti wa Igombe ingawa sahivi naishi Kirumba na nauza dagaa wa jumla pale Mwaloni, watu wananijua.

Nina miaka 27. Mi ni mwembamba, hilo nalitaja mapema maana kila ninayemwambia shida yangu ananiangalia kwanza tumbo. Mwezi wa tatu nilikuwa na kiungulia kisichoisha nikaenda hospitali, wakanipima vitu vingi, kiungulia chenyewe wakasema ni asidi tu wakanipa dawa, ila daktari akashika karatasi nyingine akawa anaiangalia muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa. Kolestro ya jumla 9.4, alafu ile mbaya iliyoandikwa LDL ni 7.2. Akaniuliza jana ulikula nini, nikamwambia ugali na dagaa, akacheka kidogo akasema hii siyo ya jana.

Alafu akaniambia nivue ndala. Nikashangaa, moyo na miguu wapi na wapi. Akachuchumaa akashika ile kano ngumu ya nyuma ya kisigino kwa vidole viwili, akawa anaipapasa kwenda juu na kushuka, akaniambia na wewe shika. Nikashika, kuna uvimbe kama punje ya hindi imelala chini ya ngozi, miguu yote miwili. Mi siku zote nilijua ni viatu. Ndo akaniuliza kwenu kuna mtu alifariki ghafla kabla hajafika miaka 55? Nikaanza kulia hapohapo.

Baba alifariki ana miaka 42, mimi nipo darasa la sita. Walikuwa wanavuta mtumbwi nchi kavu asubuhi pale Igombe, akasema subirini kidogo, akakaa kwenye mchanga ameshika mkono wa kushoto na hakuinuka tena. Na kitu ninachokikumbuka mama ni gambuti zake. Kila akinunua mpya alikuwa anazikata kwa nyuma kwa kisu cha samaki, anatoa kipande kama ulimi, maana visigino vyake vilikuwa vimevimba vigumu na gambuti zinambana. Sisi watoto tulikuwa tunamtania kwamba baba kaficha mayai kwenye miguu. Baba yake naye, yaani babu, alidondoka shambani hajafika 50, mi sikumkuta.

Sasa kwenye ukoo wetu kifo cha baba kina mwenyewe. Walisema ni shangazi, dada yake baba wanayefuatana, kwa sababu walikuwa wamegombania mashine ya mtumbwi, na kwa sababu shangazi ana vile vitu vya njano kwenye kope za macho watu wakasema macho yale siyo ya mtu mwema. Alihama akaenda ng'ambo upande wa Sengerema na mama alitukataza hata salamu. Hilo ni la zamani, nalitaja tu ili uelewe kwa nini nikisema nyumbani kwamba huu ugonjwa ni wa kurithi wataona nimetumwa kumtetea mchawi.

Shida zenyewe ni hizi. Nilipewa dawa ya kushusha, atovastatini, na nikapimwa ECG na eko, vyote vikatoka safi. Kwenda kuongeza dawa, muuzaji wa duka moja akaniambia kama moyo ni mzima dawa ya nini, ukianza hizi huachi tena na zinamaliza ini. Nikaacha baada ya wiki tatu. Mama ananipa maji ya mlonge na kitunguu swaumu na amenikataza mapanki, yale mabaki ya samaki waliotolewa minofu. Mwingine akaniambia kuna sitiskani inayoonyesha mishipa ya moyo kwa ndani, ila bima yangu imeisha na hela niliyotajiwa ni karibu mtaji wangu wote.

Pili mdogo wangu, ana miaka 16 yupo form three, anacheza mpira na watu wanasema atafika mbali. Nilimgusia mama kwamba daktari kasema ndugu wote tupimwe, akanijibu usinipimie mtoto, ukimpima unamtabiria.

Tatu ndo inayoninyima usingizi. Nimeshaposwa, ng'ombe zimeshatajwa, baba mdogo anasema mwezi wa nane wanakuja kumaliza. Mchumba ni mtu mzuri na anataka mtoto haraka. Ila mama yake alishawahi kumuuliza, hivi hao si ndo wale wanaodondokaga ghafla? Nikimwambia naogopa ataondoka, nikinyamaza naogopa siku atajua.

Mama, niuze mtaji nikapige hiyo sitiskani kwanza nijue moja? Na yeye nimwambie au ningoje ndoa ifungwe?

Binti wa Igombe, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama jikoni mboga ikaungua, nikairudia jioni nimekaa. Niseme mapema mi siyo daktari, nilikuwa nesi wodi ya magonjwa ya ndani miaka mingi kabla ya kukaa kwenye hii safu, kwa hiyo ya kitabibu nitagusa ninayoyajua vizuri na mengine mpelekee yule daktari aliyekuvua ndala. Huyo usimpoteze. Wengi wangekwambia punguza mafuta wakaita mgonjwa mwingine.

Umeniletea mambo matatu ila nikiyasoma naona umeyafunga kamba moja. Ni kama unasema ngoja kwanza nione picha ya mishipa, ikitoka safi basi sina ugonjwa na hakuna wa kumwambia, ikitoka mbaya hapo ndo nitajua nalia na nani. Kama nimekuelewa vibaya nisamehe, ila kama ndivyo naomba tuanzie hapo maana hapo ndo pana utelezi.

Chukulia pale pale Mwaloni. Mitumbwi inafika, makuli wanabeba magunia wanaingiza stoo, njia inabaki wazi. Ini lako nalo lina makuli wake, wanaitwa vipokezi, kazi yao kukamata ile LDL kwenye damu na kuiingiza ndani. Wamarekani wawili, Brown na Goldstein, ndo waliolifumbua hilo na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Sasa mtu aliyerithi hali hii, yaani kolestro ya juu ya kurithi, kutoka kwa mzazi mmoja, karibu nusu ya makuli wake hawafanyi kazi tangu siku anazaliwa. Mitumbwi inafika ileile, magunia yanabaki njiani, na taratibu mafuta yanajipenyeza kwenye kuta za mishipa, mengine yanaenda kukaa kwenye kano za visigino kama hizo zako. Siyo mapanki, siyo uzembe wako, na wembamba haukukingi. Wala siyo laana ya watu wachache, duniani inakadiriwa kwenye watu 250 hivi mmoja anayo, kwa hiyo hapo sokoni siku imechangamka hauko peke yako, wenzio hawajavuliwa ndala tu.

Ninachotaka ukione ni kwamba habari umeshapewa. LDL ikizidi 4.9 kwa mtu mzima daktari anaanza kuwaza urithi, wewe ni 7.2, una visigino, una baba wa miaka 42 na babu. Kuna vitu vingine vinavyopandisha kolestro, tezi ya shingo ikilegea, figo zikivujisha protini, hivyo muulize kama vilipimwa, ila hivyo havioti uvimbe kwenye kano za baba na mtoto wake.

ECG inasoma umeme wa moyo. Eko inaangalia nyama ya moyo inavyosukuma na milango yake inavyofunga. Hakuna hata kimoja hapo kinachochungulia ukuta wa mshipa. Nasita kuliandika hili ila nitaliandika, baba yako asubuhi ile kabla hajashika kamba angepimwa ECG inawezekana kabisa ingetoka nzuri kama yako.

Vipo vinavyochungulia. Kuna utrasaundi ya mishipa ya shingo, haina mionzi, inapima unene wa ukuta, na kwa watoto waliorithi hali hii imeshaonekana kwamba ukuta unaanza kuwa mnene kuliko wa ndugu zao ambao hawakurithi hata kabla ya miaka 12, mtoto yupo darasa la tano huyo hajui lolote. Ila inategemea sana mkono wa mpimaji, na tofauti zenyewe ni za sehemu za milimita, kwa mtu mmoja mmoja siyo ya kuiwekea maisha. Alafu sitiskani, na hapa muulize anayekutajia bei ni ipi maana ziko mbili. Ya kwanza inahesabu chokaa kwenye mishipa ya moyo, na kwa kijana hii inadanganya, kwa sababu mafuta huanza yakiwa laini na chokaa huja baadaye, unaweza kupewa sifuri ukaenda kusherehekea wakati ukuta umeshaanza. Ya pili wanakuchoma dawa ya rangi na inaona mpaka yale laini, ila ina mionzi zaidi, figo lazima ziangaliwe kwanza, na bei yake ndo hiyo ya mtaji. Za namna hiyo ni za hospitali kubwa zenye madaktari wa moyo, za rufaa kama Bugando, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar.

Sikwambii usipige. Kuna watu mpaka waone kwa macho ndo wanameza dawa, na picha ikionyesha ugonjwa umeshaanza daktari anakaza zaidi. Ila jiulize swali moja kabla hujauza gunia hata moja, majibu yakitoka safi utafanya nini? Kama utaacha dawa basi picha imekuumiza, maana kwa namba kama yako dawa huandikwa hata mishipa ikiwa bado misafi, tena ndo wakati wake mzuri. Na hela ileile inanunua dawa ya muda mrefu na vipimo vya damu vya kufuatilia. Kuna kitu kimoja tu kinachobadilisha haya yote, ukianza kubanwa kifua au pumzi kukata unapobeba mzigo au kupanda mlima usisubiri foleni ya mtu, nenda siku hiyohiyo.

Muuzaji wa duka la dawa simlaumu sana, kasikia na yeye kwa mwingine. Ni kweli dawa hizi ni za muda mrefu, kwa sababu makuli hawarudi. Ini linaweza kusumbuka kwa wachache ndo maana wanapima, na kuna wanaoumwa misuli, dozi au aina inabadilishwa. Dozi ya kutosha inaweza kukata LDL kwa nusu hivi, na mara nyingi wanaongeza dawa ya pili, lengo la madaktari wengi kwa mtu wa hali yako ni kufika chini ya 1.8. Chakula kina msaada wake, mapanki ya kukaangwa kwenye mafuta yaliyotumika siku tatu mi mwenyewe ningekukataza, ila mlonge na kitunguu swaumu mnywe kama mnavyokunywa chai, haviwezi kubeba 7.2. Ukimwambia mama hivyo mwambie kwa upole, ile glasi ya asubuhi ndo namna yake ya kusema naogopa.

Sasa kuna sentensi umeipita mbio. Umesema shangazi wa Sengerema ana vitu vya njano kwenye kope na kwamba hilo ni la zamani. Mwanangu, mi nilisimama hapo. Mafuta hayohayo yanayokaa kwenye visigino kwa watu wengine yanakaa kwenye kope, madoa ya njano yaliyoinuka kidogo, karibu na pua. Siyo kila mwenye nayo ana ugonjwa huu, wako wenye nayo na kolestro yao ni ya kawaida, kwa hiyo siapi. Ila ni dada wa baba yako, damu moja na mwenye gambuti zilizokatwa. Macho ambayo ukoo uliyachukua kuwa ushahidi wa kumuua kaka yake huenda ndo ushahidi kwamba alikuwa amebeba kitu kilekile kilichomuua. Na kwa sababu hakuna anayemsalimia, hakuna atakayemwambia akapime.

Huku Usukumani tunajua macho ya mwanamke mtu mzima yamewahi kugharimu nini, wamama walikatwa mapanga kwa sababu ya wekundu wa moshi wa jikoni. Kwa hiyo naposema jambo hili ni zito simaanishi uvuke kesho na kivuko cha Kamanga ukaitishe kikao. Ukilisema nyumbani vibaya unaweza kuamsha ugomvi na wewe ukawa umesimama katikati. Unaweza kuanza na baba mdogo, kwa sababu naye ni mtoto wa babu na anahitaji kupima kwa ajili yake mwenyewe, ukimwonyesha kisigino chako akashika kwa mkono wake kama ulivyoshikishwa wewe. Au umwombe daktari aongee nao, akiongea mwenye koti jeupe hasemwi katumwa. Au umpelekee shangazi ujumbe wa kupima tu, ya uchawi uyaache yakae. Kila njia ina bei yake, na wewe ndo unawajua hao watu.

Kwa mama na mdogo wako hebu tumsikilize mama kwanza. Alibaki mjane na watoto, kwake kupima ni kumwita mgeni asiyemtaka. Ukimjia na neno ugonjwa atafunga mlango. Labda umjie na hesabu hii, mzazi mwenye hali hii kila mtoto wake ana nusu kwa nusu, kwa hiyo kijana anaweza kabisa kuwa hana, na njia ya kujua ni damu ya mkononi siku moja wala hahitaji kulala njaa. Na akiwa nayo ndo mwenye bahati kuliko baba yake. Uholanzi walifuatilia watoto 214 wenye hali hii walioanzishwa dawa za aina hiyo utotoni, wakawafuatilia miaka 20 na kutoa matokeo mwaka 2019. Walipofika miaka 39, kwenye kila 100 ni 1 tu aliyekuwa amepata tatizo la moyo na mishipa, wakati wazazi wao waliorithi kitu hichohicho bila dawa hizo wakiwa wadogo, walipokuwa na umri huo walikuwa 26 kwenye 100. Watoto wanaanzishwa tokea miaka 8 mpaka 10, kwa hiyo wa 16 siyo mdogo. Kupimwa hakumtoi mpirani. Ila kuna hatari usiidharau, ana miaka 16, akisikia juujuu kwamba baba alikufa na wewe utakufa anaweza kuacha shule kichwani, kwa hiyo namna ya kumwambia ipangwe kabla ya sindano. Mama akikataa kabisa, usimpeleke kwa siri ukadhani umemaliza, dawa inamezwa nyumbani kwake.

Haya, mchumba. Najua hapa ndo ulitaka nianzie.

Ukimwambia sasa, kabla ya mwezi wa nane, anaweza kuondoka, na mama yake akapata alichokuwa anatafuta. Hilo lipo, sitakudanganya. Utabaki na aibu ya posa kuvunjika na maneno ya sokoni. Ukingoja ndoa ifungwe unapata utulivu wa miezi, ila angalia unachokinunua. Anataka mtoto haraka, na dawa hizi kwa kawaida husimamishwa mtu anapopanga kubeba mimba mpaka amalize kunyonyesha, inapangwa na daktari kabla, siyo baada ya siku kupita. Kwa hiyo ndani ya ndoa utakuwa ama unameza kwa kujificha na mimba inaingia bila mpango, ama humezi kabisa ili usiulizwe. Alafu watoto wenyewe, nusu kwa nusu, watahitaji kupimwa na baba yao atauliza kwa nini. Siri hii haikai mwaka.

Ila pia sioni kama ni lazima iwe kwako kikao cha kujitetea. Umeniandikia kama vile unakwenda kumwambia una kasoro. Mtu mwenye jina la ugonjwa wake, namba yake na dawa yake yuko mbali sana na wale wanaodondokaga ghafla, baba yako hakuwa navyo hivyo vitatu. Unaweza kuongea naye peke yake kabla ya wazee, umpe na nafasi ya kwenda kumuuliza daktari mwenyewe bila wewe kuwa pembeni. Na yeye apime, ni damu tu, kwa sababu mkikutana wawili wenye hali hii mtoto anaweza kurithi pande zote na hiyo ni nzito sana, ni nadra ila ipo. Atakavyolipokea utakuwa umejua kitu kuhusu yeye ambacho ng'ombe hazikuonyeshi, japo kujua huko nako kunaweza kuuma.

Umeuliza niuze, nimwambie, nisubiri. Sijakujibu hata moja kwa ndiyo au hapana na umeona sababu. Ila kwenye foleni yako mi naona dawa uliyoiacha imekaa mbele ya sitiskani, na mbele ya mchumba pia, rudi kwa daktari ukamwambie ukweli kwamba uliacha na kwa nini, hatakupiga. Uliza na bima, ukikata upya inakulipia nini na inaanza lini.

Ile karatasi ya majibu toa kopi nne. Moja ya baba mdogo, moja ya mama hata kama ataiweka chini ya godoro, moja ya huyo kijana ukiamua. Ya nne iweke kwenye bahasha uiache hapo nyumbani, siku ukipata wa kuivusha kwenda Sengerema usianze kuitafuta.